Kona ya Saba

Tangu alipojifunza kutambaa hakuwahi kukaa kitako, ndiyo maana wakamwita Siafu. Akiwa na miaka kumi na mmoja alikuwa bado anakula amesimama, anafanya hesabu za shule huku anaizunguka meza, na mama yake alishachoka kumwambia atulie. Mahali pekee alipotulia ni ndani ya kigari cha mbio, kile kidogo cha kiti kimoja, kisicho na paa wala mlango, ambacho ukikikalia unaisikia lami ikipita chini ya makalio yako. Humo, kofia ngumu ikishafungwa kidevuni, mikono yake ilitua kwenye usukani kama mikono ya mtu mzima.

Familia nzima ilizama kwenye mchezo huo. Baba yake alikuwa na gereji uani, nyuma ya nyumba, na watu walimwita Fundi Breki kwa sababu gari likitoka mikononi mwake lilisimama pale dereva alipotaka lisimame. Kigari alikipata kikiwa mifupa mitupu, akakiunga mwenyewe, akakipaka rangi ya chungwa iliyobaki kwenye kazi ya mteja. Mama alikuwa dereva wa basi la shule; yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe kutazama mbali, si kwenye pua ya gari. Na Bibi, mama mzazi wa Baba, alikuwa mwalimu mstaafu wa riadha. Alisimama kando ya uwanja na saa ya kupimia muda ikining'inia shingoni, akizitangaza sekunde kwa sauti ya mtu anayegombana na jirani. "Mke mwenza," alimwambia mjukuu wake siku za mashindano, "leo usiniaibishe. Nimevaa viatu vipya."

Jumamosi moja, katika mbio za tano kati ya sita za msimu, Siafu alikuwa wa pili. Mbele yake alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa mwenye duka la vioo, ambaye wenzake walimwita Mtulivu kwa jinsi alivyoendesha bila papara. Ulibaki mzunguko mmoja. Kabla ya kona ya saba, ambayo ni ya mwisho, kuna alama nyeupe ukingoni, na kila anayefika hapo hukanyaga breki. Siafu aliiona ile alama. Aliona pia upenyo upande wa ndani, mwembamba, akasema moyoni, napita. Hakukanyaga.

Kigari chake kilimvaa Mtulivu ubavuni. Vyote viwili vikazunguka, kile cha Mtulivu kikaruka ukingo na kujibamiza kwenye ukuta wa matairi. Siafu alitoka bila hata mkwaruzo. Mtulivu alikaa chini ameushika mkono wake wa kushoto, uso umemsawijika, halii. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika.

Baba alifika anahema, spana bado mkononi. Hakuuliza umefanya nini. Alipiga magoti, akamshika mashavu.

"Breki? Breki zimekataa?"

Swali lilikuja na jibu lake. "Zimekataa," akasema Siafu.

Baba alifumba macho kidogo. Kisha akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi mkuu, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya jua, akamwambia mbele ya watu, "Kosa ni langu. Mtoto hana hatia." Bomba la breki lilikuwa limepasuka katika ajali yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na la kubisha. Mwamuzi aliandika: hitilafu ya chombo. Mbio zilikatizwa, nafasi zikahesabiwa kama zilivyokuwa mzunguko uliotangulia; Siafu akabaki na pointi zake, na mbio za sita zilikuwa baada ya wiki mbili.



Jumapili Baba alizifungua breki zote za kigari, akazipanga juu ya gunia uani, akawa anaokota nati moja moja na kuielekeza kwenye jua. Hakuona kitu. Akazifunga. Jumatatu akazifungua tena. Bomba jipya alilifunga, akalifungua, akalifunga. Siafu alimtazama kupitia dirisha la jikoni, akaondoka, akarudi, akaondoka. Alitafuna kucha mpaka zikamuuma. Shuleni mwalimu alimtoa nje mara mbili kwa sababu ya mguu wake uliokuwa ukipiga dawati mfululizo, na huko nje alizunguka mlingoti wa bendera mpaka kengele ikalia.

Gerejini hali iligeuka. Gari lililokuwa la kazi ya saa moja lilikaa siku nzima. Baba alikaza, akalegeza, akakaza, akaingia uvunguni, akatoka, akasema "subiri kidogo," akaingia tena. Dereva mmoja wa teksi alimsimamia pale mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Fundi, hili gari unalitengeneza au unaliaga?"

Watu waliokuwa pale walicheka. Baba hakucheka. Dereva akachukua gari lake, na siku iliyofuata hakuja, wala wenzake wawili waliokuwa wakija naye.

Jumatano Siafu alimfuata Baba uani. Alisimama nyuma yake, akahama upande, akarudi.

"Baba."

"Naam, mama."

Baba aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na alimtazama kwa upole ambao Siafu hakuuweza.

"Hamna kitu. Naenda kuoga."

"Si umeoga sasa hivi?"

"Nimetoka jasho," akasema, akakimbia.

Alhamisi ya wiki ya pili Mama alilileta basi la shule uani, akazima injini, akashuka. "Baba Siafu, nikishika breki linavuta kushoto. Lipitie kabla ya kesho asubuhi."

Baba alizunguka basi. Aligusa gurudumu la mbele, akachuchumaa, kisha akainuka akafuta mikono kwenye ovaroli ingawa ilikuwa bado safi.

"Lipeleke kwa Mapengo."

Mapengo alikuwa fundi wa mtaa wa pili, mtu wa makamo, ambaye kwa miaka kumi Baba alikuwa akimfanyia mzaha kwamba magari yake yanasimama yakichoka yenyewe.

"Kwa Mapengo?" Mama alidhani hakusikia vizuri. "Nipakie watoto arobaini juu ya kazi ya Mapengo?"

"Bora yeye. Mimi nimempandisha mwanangu wa kumzaa kwenye chombo kibovu nikakipungia mkono. Watoto wa watu siwagusi."

Mama alipanda basi, akaliwasha, akalitoa uani kinyumenyume bila kumtazama mtu. Siafu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Hakujua kwamba kimeinama mkononi mpaka chai ilipomuunguza mguu.

Usiku wake na Ijumaa nzima alitunga sentensi. Alizipanga, akazipangua. Kila iliyoanza vizuri iliishia vibaya.

Jumamosi walifika uwanjani mapema. Kigari kilishushwa kutoka kwenye pikapu, na aliyeshika spana alikuwa Mapengo. Baba alikuwa amemwomba mwenyewe. Alisimama hatua tatu nyuma, mikono mifukoni, kama mgeni aliyekuja kutazama kazi ya mtu mwingine. Bibi, ambaye kwa kawaida angekuwa keshapata maneno ya kumtania Mapengo, alikuwa anaifuta saa yake kwa upindo wa kanga, anaifuta tu.

Mapengo alimaliza, akainuka huku ameshika kiuno. "Ndugu yangu, mimi nikwambie ukweli. Hizi breki hazina tatizo. Nimezipekua. Tena hata zile za zamani ulizonionyesha, ukiacha bomba, hazikuwa na tatizo. Kazi yako ni safi."

"Basi ndiyo mbaya zaidi," Baba akasema. "Maana yake lipo kosa na mimi silioni. Nikitoka hapa nafunga gereji."

"Acha utani."

"Sitanii."

Siafu alikuwa ameshakaa kwenye kigari, kofia kichwani. Injini iliwashwa, na kulia na kushoto injini nyingine ishirini zilikuwa zinanguruma. Mwamuzi msaidizi alikuwa anapita akihesabu vigari. Siafu akasema ndani ya kofia, "Sikukanyaga."

Baba aliona midomo ikicheza nyuma ya kioo cha kofia. Akainama. "Unasemaje?"

"Sikukanyaga breki."

"Nini? Breki zina nini?" Uso wake ulishapauka. Akamgeukia Mapengo, "Zima! Zima kwanza!"

Siafu alipandisha kioo, akajaza pumzi, na akapiga kelele kwa nguvu zake zote, wakati ule ule Mapengo alipozima injini: "SIKUKANYAGA BREKI! ZILE BREKI ZILIKUWA NZIMA! SIKUKANYAGA!"

Wazazi wa watoto wengine waligeuka. Mtu mmoja aliyekuwa anajaza tairi upepo aliacha. Bibi aliiachia saa yake ikaning'inia.

Siafu aliivua kofia. Nywele zilikuwa zimemganda usoni. "Niliona nafasi. Nikataka kupita. Wewe ukaniuliza kama breki zimekataa, mimi nikasema ndiyo."

Baba aliketi juu ya tairi la akiba. Aliweka viwiko magotini, akatazama viganja vyake, mbele na nyuma. Siafu alitamani apigiwe kelele. Alishuka kwenye kigari, akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Wiki mbili," Baba akasema hatimaye. Akainuka, akaelekea kwenye pikapu, akaingia, akafunga mlango.

Siafu alitaka kumfuata. Mama akamshika bega. "Mwache. Wewe una pa kwenda kwanza."

Walikwenda kwa mwamuzi mkuu. Mama alisimama pembeni, hakumsaidia hata neno moja. Yule mama mrefu alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia yake ya jua, akajikuna kichwa.

"Unajua kwamba ungenyamaza leo ungekimbia?"

"Najua."

"Leo hukimbii. Pointi za siku ile zinafutwa. Na msimu ujao mbio mbili za kwanza utatazama."

"Sawa, shangazi," akasema Siafu, ambaye kwa wasiwasi alisahau kusema mwamuzi. Yule mama aliinamia karatasi zake haraka, pengine ili asionekane anatabasamu.

Mtulivu alikuwepo uwanjani, mkono umefungwa kifuani, amekaa na baba yake kwenye benchi la watazamaji. Kutoka meza ya mwamuzi mpaka benchi lile ilikuwa kama hatua hamsini, na Siafu, ambaye hakuwahi kutembea pale ambapo angeweza kukimbia, alizitembea zote.

"Shikamoo," alimwamkia mwenye duka la vioo. Kisha akamgeukia Mtulivu. "Nilikugonga makusudi. Yaani, si kukugonga. Sikushika breki makusudi."

"Nilijua," Mtulivu akasema. "Nilikuwa mbele yako. Mtu akishika breki unasikia tairi. Sikusikia." Alimtupia baba yake jicho. "Nilimwambia. Akasema nisimsingizie mtoto wa watu."

Mwenye duka la vioo alikohoa.

"Mwambie yeye sasa," Mtulivu akasema. "Mimi nimeshachoka kumwambia."

Siafu akamwambia, maneno yale yale tangu mwanzo. Yule baba alimgeukia mwanawe, akamwekea kiganja kisogoni, akakiacha hapo. Siafu aliomba radhi, akangoja, akaona hana anachongojea, akaondoka.

Mbio za sita aliziona akiwa ameshika uzio, akipanda kwenye waya na kushuka, mpaka Bibi akamfinya. "Mke mwenza, unanitingishia saa."

Kwa siku tatu Baba hakusema naye zaidi ya kuitikia salamu. Lakini Jumatatu alikwenda kwa Mapengo kulichukua basi, ambalo lilikuwa bado halijamalizwa, akalitengeneza mwenyewe, na jioni kulipokuwa bado na mwanga Mama aliliendesha mpaka mwisho wa mtaa akashika breki ghafla. Lilisimama limenyooka, halikuvuta kushoto wala kulia. Mama alipiga honi ndefu. Baba alikuwa amesimama getini, akaingia ndani, na wakati wa chakula aliongeza mboga mara mbili.

Siku ya nne ndipo alipomwita. Siafu alienda uani akakaa juu ya kopo la rangi, akajilazimisha kukaa.

"Kuikosea kona sikukasirikii," Baba akasema. "Hata mimi ningeweza kuikosea. Ninachokasirikia ni kwamba ulikuwa dirishani. Ulinitazama nikizifungua zile nati."

"Nilikuwa nataka kukwambia kila siku."

"Lini? Ulikuwa kila saa unaoga."

Siafu hakujua kama anaruhusiwa kucheka. Baba alikuwa amegeuza uso upande, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Siafu alipochungulia hakuweza kuamua ni kicheko au ni kitu kingine. Alisogea, akaegemea mkono wake, na Baba hakuuondoa.

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alifanya kazi gerejini. Dereva wa teksi alirudi baada ya mwezi, kwa aibu, na mmoja wa wenzake. Yule wa tatu hakurudi. Mwenye duka la vioo wakikutana naye njiani anaitikia kwa kichwa, basi. Mapengo ndiye aliyegeuka mwenyeji wa uani, anakuja kunywa chai na kutaniwa, na kutania.

Msimu mpya ulipoanza Siafu alitazama mbio mbili kutoka kwenye uzio. Za tatu alipangwa nyuma kabisa, wa ishirini na moja. Baba alikagua kila kitu mara moja, akafunga kisanduku cha vifaa, akampiga kofia kwa kiganja. "Nenda, mama."

Alimaliza wa tisa. Mtulivu, ambaye bega lake lilikuwa bado linachoka haraka, alikuwa wa sita, na alipopita akisukuma kigari chake alimwambia Siafu, "Tairi zako nimezisikia."

Bibi alikuja mbio huku ameinua saa juu. "Mzunguko wa nne ulikuwa unalala? Nusu sekunde nzima umeitupa! Mke wangu mwenza analala!"

Siafu alikuwa bado hajavua glovu. "Bibi, mbio za nne ni lini?"

"Pumua kwanza."

"Ni lini?"