Kiti Nyuma ya Mlango

Fundi Kitasa alishikwa mchana kweupe, mkono wake ukiwa juu ya kishikio cha mlango wa watu. Na mlango wenyewe, asubuhi ile ile, yeye ndiye aliyeutia kitasa kipya, akalipwa, akashukuriwa, akaondoka. Mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, alikuwa ametoka kidogo. Aliporudi na kapu lake alimkuta fundi akibonyeza kishikio chini, juu, chini, sikio amelibandika kwenye ubao. Majirani wakajaa.

Wakamuuliza kama amekuja kuiba. Mwingine angesema nakagua kazi yangu, yakaisha. Lakini jirani mmoja alikuwa amemwona akirudi pale tangu asubuhi, anakwenda, anarudi, na hilo angelielezaje? Aseme anajua kabisa kitasa kimefunga, kakisikia kwa masikio yake, na bado akifika kona kifua kinambana na kichwa kinamwambia rudi, rudi? Mwizi, aliwaza, hupigwa, hutukanwa, yakapita. Mwendawazimu hata wanawe husimangwa.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuja kuiba."

Loo, mdomo ukamponza. Mwalimu akawakataza watu wasimguse, akamwambia tu asimwone tena mtaani kwake. Heri angemzaba kofi.

Habari mbaya haikawii. Ilifika nyumbani kabla yake. Wateja wakaanza kung'oa vitasa vyake vizima, visivyo na kosa lolote, na fundi wa mtaa wa pili, aliyekuwa akishinda anapiga miayo, sasa akawa anapita na begi la vifaa huku akipiga mluzi. Fundi Kitasa alikaa dukani kwake akitazama sakafu. Akipita mtu anayemfahamu, alijifanya anatafuta skrubu iliyoanguka.

Mkewe hakuamini neno la ule wizi. Yeye ndiye aliyekuwa akimsitiri miaka yote. Wakiwa njiani kwenda kwa wakwe, mume akageuka ghafla kwenda kuujaribu mlango wa nyumbani, yeye huwaambia wenzao kasahau miwani. Masikini, hata miwani hana. Jioni moja alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kesho yake akamshika mkono hadi hospitali.

Daktari alimsikiliza bila kucheka. Akamweleza kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna kipande kidogo kilichopinda, chenye mkia, ambacho pamoja na wenzake husaidia kuchagua wazo lipi liwe tendo na lipi liachwe lipite. Hicho pia husaidia mkono kufanya kazi uliyoizoea bila kufikiri. Kwa wagonjwa kama yeye, wataalamu wanaona njia hiyo inafanya kazi kupita kiasi. Jambo limekwisha, lakini kichwa hakipati habari kwamba limekwisha.

"Kwa hiyo kibovu ni kitasa changu mimi," fundi alisema, macho chini.

Daktari akatabasamu, akasema si mbali na hapo, na kwamba kinatibika. Alimwandikia dawa, na zoezi juu yake: akishafunga, aondoke. Kifua kikimbana, akiache kimbane mpaka kitulie chenyewe. Asirudi.

"Dawa ya kichwa umepata, baba watoto," mkewe alimwambia njiani. "Ya jina lako iko kwa mwalimu."

Zilipita wiki kabla hajathubutu. Alipofika alibisha hodi, akarudi nyuma hatua kadhaa, mikono mfukoni, ili aonekane hashiki kitu. Mwalimu alifungua kidogo, akabaki kaushika ubao. Fundi akasema yote: kurudi kwake, kifua, daktari, kile kipande chenye mkia. Jasho lilimtoka kama yuko mbele ya darasa zima.

Mwalimu akamuuliza: "Kwa hiyo ulipenda niamini kwamba wewe ni mwizi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Niliona aibu."

"Basi nikuambie aibu yako imenifanya nini," alisema. "Silali. Kitasa kakifunga mwizi, nitalalaje? Nakijaribu, narudi kitandani, nainuka nakijaribu tena. Halafu naegemeza kiti."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Ugonjwa wake aliusitiri yeye, kumbe amemwachia mama wa watu usio wake. Hakuna dawa ya hospitali aliyoijua ya kumpelekea.

"Kiko salama, Mwalimu," alisema. "Nilijua siku ile ile. Sikuwahi kutaka kitu chako."

"Nakuamini," mwalimu alijibu polepole. "Mchana huu nakuamini."

Akamtakia heri, akafunga. Fundi alisikia kitasa kikishika, sawasawa kama alivyokiweka. Kisha akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikaja, kikagonga ubao kwa ndani.

Kifua kikambana. Mkono ukataka kutoka mfukoni. Akauacha humo humo, akageuka, akatembea hadi kona, na safari hii hakurudi. Lakini kile kiti aliendelea kukisikia.