Gari la Watu Wawili

Mimi nina mdomo, sikatai. Ruthu, mke wangu, husema mdomo wangu ndicho chombo pekee hapa Dodoma kisicho na breki. Nikishika usukani lazima niseme. Tukipita kijiji cha Zuzu nasema tumepita Zuzu. Nikimwona mtu kasimama mlangoni pa duka namtaja kwa jina, na kofia aliyovaa naitaja pia. Miaka tisa nilimwendesha Bwana Ebrahim, mnunuzi wa ngozi, katika kigari chake cha mizigo chenye kiti kimoja kirefu mbele, yeye kushoto, mimi kulia, na hata siku moja hakuniambia ninyamaze. Nilidhani ni uvumilivu wake tu.

Basi kigari kile kikafa. Kilifia karibu na stesheni, mchana, na nilipofunua boneti nikaona hapa hakuna cha kushona wala kugonga. Ulikuwa mwaka wa hamsini na moja, Wazungu wa mradi wa karanga kule Kongwa wanafunga virago, kila mmoja anauza alichonacho: vitanda, matrekta, hata mbwa. Nikamwambia Bwana Ebrahim magari ya mizigo yamejaa tele, tuchukue moja zima tuendelee na kazi. Akakataa.

"Sitaki tena gari lenye paa," akasema. "Nataka linalofunguka juu."

"Na ngozi tutapakia wapi, Bwana?"

"Ngozi zitakuja kwa reli. Mimi nataka gari la wazi."

Nikamtazama vizuri. Mzee wa miaka sitini na mbili, mkewe kafariki mwaka wa tatu ule, kanzu moja anaivaa siku mbili, leo anataka gari la kupigwa upepo. Nilichanganyikiwa tangu dakika ile, na sikupata nafuu mpaka mwisho wa mambo haya. Na mwisho wenyewe, utauona.

Nyuma ya soko, katika uwanja wa dalali aitwaye Zaidi, kulikuwa na magari mawili ya namna hiyo, yote yametoka Kongwa. Moja lilikuwa dogo, jekundu, pua ndefu, limekaa chini hata mbuzi angelichungulia ndani. Lilikuwa na viti viwili, basi, na tairi la akiba mgongoni. Gari la vijana wa kushindana mbio. La pili lilikuwa refu, rangi ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, mbao zinazong'aa mbele ya dereva, na kule nyuma kochi zima la bwana mkubwa kukaa akanyoosha miguu. Turubai lake lilikunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi.

"Hili la mbio, hili la heshima," Zaidi akasema. "Kazi kwako, Bwana Ebrahim."

Bwana Ebrahim akayapapasa yote mawili, polepole, kuanzia taa mpaka nyuma. Mnunuzi wa ngozi hupapasa kila kitu, ndiyo kazi yake, kwa hiyo sikushangaa. Halafu akaingia kile kidogo kwa mlango wa kulia, wa dereva. Akakaa. Mikono yake ikakuta usukani, akaushika muda mrefu.

"Viti ni hivi viwili tu?" akauliza.

"Viwili tu, Bwana."

"Gari la watu wawili," akasema, na akatabasamu.

Hebu niambie, wewe ungeelewa nini? Mzee kashika usukani, anafurahia gari la watu wawili. Zamani aliwahi kuendesha mwenyewe mpaka Mpwapwa, kila mtu anajua. Na mjini walikwishaanza kusema: mzee anaoa, mzee kapata mjane wa Tabora, mzee anatafuta gari la kumpunga upepo bibi harusi. Basi bwana harusi kulia, bibi harusi kushoto, na mimi Nikodemo nikae wapi? Juu ya tairi la akiba?

Nitakwambia Nikodemo angekaa wapi. Angekaa Buigiri kwa shemeji yake Matonya, kaka yake Ruthu, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi. Kila nikipita na gari Matonya alinisimamisha barabarani. "Shemeji," aniambie, "siku ukishushwa humo uje, fimbo yako nimeiweka." Miaka tisa anaiweka. Mimi ni mtoto wa wachungaji, sidharau ng'ombe, lakini nilisomea leseni yangu kwa jasho, na wazo la kumfuata Matonya na fimbo mkononi liliniuma kuliko njaa. Nikikosa usukani wa Bwana Ebrahim sikuwa na usukani mwingine.

Wiki ile yote akawa ananiuliza swali moja. Asubuhi: "Nikodemo, kile kidogo au lile kubwa?" Mchana anasema mwenyewe, "Kidogo." Jioni anasema, "Lakini watu watasemaje, mzee mzima na kigari chekundu?" Kesho yake tena kidogo. Kila akisema kidogo nakosa hamu ya kula, kila akisema kubwa napata nguvu, halafu naona aibu kwa kupata nguvu. Maana nilikwisha kuyafungua yote mawili nikayakagua. Kile kidogo injini yake ilikuwa safi, mtu aliitunza kwa mapenzi. Lile kubwa lilikunywa mafuta bila huruma, gia zikilia, na rejeta ilichemka kabla hujatoka mjini.

Nikamweleza Ruthu tukiwa tunakula.

"Si umwambie hivyo hivyo," akasema. "Wewe ndiye fundi."

"Nikimwambia, keshokutwa nachunga kwa kaka yako."

Ruthu akamega ugali wake akautazama. "Basi muulize huyo mtu wa pili ni nani."

"Mtu haulizi bwana wake atakaa na nani garini."

"Wewe? Wewe unayeuliza mpaka bei ya kofia za watu?" Akacheka, halafu akaacha. "Muulize, baba Raheli. Utajitesa bure."

Sikuuliza. Neno moja lile, mimi mwenye mdomo, likanishinda.

Jumamosi Bwana Ebrahim akataka tukijaribu kile kidogo. Nikaendesha mimi, yeye kushoto, tukashika njia ya Zuzu. Jua lilikuwa kali, naye alivua kofia akainua uso juu, anacheka peke yake. Sijawahi kumwona ana furaha vile. Mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga mdomo kwa hasira.

"Mbona kimya?" akasema. "Pale mbele kuna nini?"

"Barabara."

"Na upande wa reli?"

"Reli."

Nikafikiri, ana macho yake, aangalie mwenyewe.

"Haya, fundi," akasema tulipogeuza kurudi. "Niambie. Injini ikoje?"

Injini ilikuwa inaimba. Hata mtoto angesikia. Nikaona fimbo ya Matonya imeegemezwa ukutani inanisubiri.

"Imechoka, Bwana," nikasema. "Kwa nje inang'aa, lakini ndani imekwisha. Itakuacha njiani."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Tukaanza kuona mabati ya mjini. Kisha akanigusa bega. "Sawa. Wewe ndiye macho yangu, Nikodemo."

Ni neno ambalo tajiri yeyote humwambia mtu wake anayemwamini, na mimi nililipokea hivyo. Liliniunguza, lakini nililipokea.

Jumatatu lile kubwa likanunuliwa. Zaidi, mbele ya watu, akafungua mlango wa nyuma akainama, na Bwana Ebrahim akasita kidogo, akaingia kule nyuma. Angefanyaje? Mtu wa hadhi yake hawezi kubanana mbele na dereva huku kochi zima liko tupu nyuma yake. Kile chekundu kikanunuliwa siku ya pili na Mgiriki mmoja wa mkonge, kikaenda Morogoro. Wala bibi harusi hakutokea. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuna mjane wa Tabora wala wa Singida. Nikaanza kujiuliza kama niliota.

Na kazi ikawa ngumu ajabu. Upepo wa gari la wazi huchukua maneno. Nikisema "Tumefika kwa fulani," yeye nyuma anauliza, "Nani?" Akisema kitu nami nageuza shingo, "Naam, Bwana? Sisikii." Baada ya siku chache nikachoka, nikawa naendesha kimya. Yeye nyuma amekaa wima, mikono magotini, kama mzigo wa mtu.

Mwezi wa saba tukaenda Mpwapwa kununua ngozi kwa mzee Methusela, aliyeuziana naye tangu zamani. Rejeta ilichemka mara mbili njiani. Tulipofika, uwanjani kulikuwa na wauzaji kama kumi, na ngozi zimewambwa kwenye fremu za miti, zimesimama juani kila upande. Nikashuka kutazama rejeta. Bwana Ebrahim akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akatembea hatua nne tano, akanyoosha mkono.

"Mbukwenyi, mzee Methusela," akasalimia kwa Kigogo, kwa sauti nzuri ya heshima. "Habari za siku nyingi?"

Mbele yake ilikuwa ngozi ya ng'ombe imewambwa. Mzee Methusela alikuwa upande wa pili kabisa, amesimama na fimbo yake.

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Bwana Ebrahim bado kanyoosha mkono. "Umzima, mzee?" akauliza ngozi. Kicheko kikapungua, kikaisha. Hapo ndipo mkono wake ulipogusa nywele za ng'ombe, na nikamwona anaelewa. Hakuurudisha haraka. Aliipapasa ile ngozi, kana kwamba ndilo alilokusudia, akasema, "Hii ina matundu ya kupe."

Nikaenda nikamshika mkono. Nilikuwa nimejaa aibu. Mzee Methusela akaja akamsalimu polepole, kwa jina lake na jina la baba yake, kama unavyomsalimu mgonjwa. Ngozi hazikununuliwa siku ile.

Tulipofika kwenye gari nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Wa mbele," akasema. "Sasa kuna siri gani tena?"

Akakaa kushoto kwangu kama zamani. Nikaendesha polepole ili upepo usituzidi.

"Ni mwaka wa nne," akasema. "Ndani ya gari lenye paa naona giza tu. Penye jua kali naona kivuli cha mtu, uso sioni. Daktari wa misheni anasema hata hicho kitakwisha."

"Na hukuniambia, Bwana?"

"Wewe una mdomo, Nikodemo." Alisema bila ubaya. "Mnunuzi wa ngozi asiyeona, wiki moja tu watakuwa wanamuuzia matundu. Kwa hiyo nilinyamaza nikakusikiliza wewe. Ulikuwa unasema fulani kasimama mlangoni, kavaa kofia nyeusi, mimi nashuka namsalimu fulani na kofia yake naisifu. Nani angejua?"

Nikabadilisha gia, zikalia.

"Nilikitaka kile kidogo," akaendelea. "Katika gari la viti viwili hakuna wa kuuliza kwa nini tajiri anakaa na dereva wake. Mimi na wewe, na jua. Nilikipenda mno." Akakohoa. "Lakini injini imekwisha, tungefanyaje?"

Angalinitukana ningalivumilia. Nilipunguza mwendo, nikapangusa uso kwa kiganja, nikaona nisiposema sasa sitasema tena.

"Injini ya kile kidogo ilikuwa nzima, Bwana," nikasema. "Nzima kuliko hii. Nilidhani unataka kuoa uendeshe mwenyewe. Nilidhani mimi sina kiti."

Tulipita vichaka, tukapita mto mkavu, tukapita watoto wanaopunga mikono, na mimi sikutaja hata kimoja, sikuthubutu. Nilingoja anishushe palepale. Hakunishusha. Karibu na Buigiri nilisimamisha gari ghafla, naye akashika mlango.

"Kuna nini?" akauliza.

"Ng'ombe, Bwana. Ng'ombe wa shemeji yangu Matonya wanavuka barabara."

Akanigeuzia uso.

"Kweli?" akasema.

Miaka tisa ya kumtajia njia, hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikazima injini, ili azisikie kengele zao mwenyewe.