Pepeta ya Bi Tabu

"Ukikata hapo, dada, mwakani tutapanda nini?"

Muhidini alikuwa amesimama kwenye tope lililomfika magotini. Rukaiya hakugeuka. Alishika kisu kidogo, na mbele yake kulikuwa na kile kipande cha mpunga walichoachiwa na maji, kishamba cha mwinukoni kisichozidi ukubwa wa ua wa nyumba yao. Kwingine kote bondeni mpunga ulikuwa umelala chini kama nywele zilizolowa, unaoza.

"Mama kaomba pepeta," alisema.

"Mama haombi kwa akili sasa. Jana kaniita kwa jina la marehemu baba."

"Pepeta kaitaja kwa jina lake."

Mdogo wake akachomoa mguu mmoja topeni. Hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Tangu mafuriko yapungue alikuwa akishinda juu ya dungu, akifukuza ndege kwenye masuke hayo mpaka sauti ikamkauka, kwa kuwa hiyo ndiyo mbegu pekee waliyobaki nayo. Aliposema tena, alisema taratibu.

"Mama anaondoka, dada. Watoto wanabaki."

"Najua," Rukaiya alijibu, akakata suke la kwanza.

Alikata akiwa na uchungu, suke baada ya suke, yale ya kijani ambayo punje zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kukaza. Mpunga ukikomaa hautoi pepeta, zile punje bapa za kukaangwa na kutwangwa. Ni lazima ukatwe ukiwa mchanga. Alipomaliza, kishamba kilibaki na mashina matupu, na Muhidini alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Mama yao, Bi Tabu, alikuja bondeni kutoka vilima vya Umatumbi, bibi harusi asiyejua mpunga unavyoota. Wanawake wa kijiji cha Mkongo walimcheka alivyokuwa akikanyaga miche. Mama mkwe wake ndiye aliyempa mchi, akamwambia, "Njoo tutwange pepeta, uwe mwanangu." Na yeye alipomzaa Rukaiya alimpa mchi angali binti mdogo. Kila msimu walisimama wakitazamana, kinu kimoja, michi miwili, huu ukipanda ule unashuka.

Safari hii Rukaiya alisimama peke yake. Alipukuchua, akakaanga mpunga kwenye chungu mpaka ukaanza kupasuka na harufu yake ikajaa uani, kisha akaumimina kinuni. Pepeta hutwangwa ya moto. Ikipoa, maganda hung'ang'ania. Akatwanga haraka, lakini alikuwa amekesha na mgonjwa siku nyingi, mikono ikaanza kumlegea. Majirani walikuwa wamehamia kwa ndugu zao Ikwiriri. Hapakuwa na mwanamke wa kumwita.

Ndipo Muhidini akaingia uani. Akanawa miguu, akaokota mchi wa mama yao uliokuwa umeegemezwa ukutani.

"Wapita njia watakuona, mwanamume na mchi," Rukaiya alisema.

"Waache waone."

Mwanzoni michi ikagongana, na punje zikaruka nje ya kinu. Kutoka ndani, sauti nyembamba ikauliza:

"Nani huyo unatwanga naye? Anachelewa kupandisha."

Muhidini akapandisha upesi. Polepole mapigo yakakaa sawa.

Rukaiya alipeta kwa ungo, akachota kiasi, akakilainisha kwa tui la nazi na sukari, maana mama hakuwa na meno. Muhidini akamwinua, akamwegemeza kifuani. Bi Tabu alitafuna kwa ufizi muda mrefu, macho ameyafumba. Alikuwa na siku kadhaa hajameza kitu isipokuwa maji. Akameza. Akafungua kinywa tena.

"Mpunga wa mwaka huu mtamu," alisema. "Bonde limejaa?"

Rukaiya alimtazama mdogo wake.

"Limejaa, mama," Muhidini alijibu. "Ndege tu ndio wanatutoa jasho."

"Basi msije mkala wote, wanangu. Wekeni mbegu."

"Tutaweka."

Muhidini akamlaza taratibu, akamfunika khanga mpaka mabegani, akatoka nje. Rukaiya alimsikia huko nyuma ya nyumba, akikohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho.

Bi Tabu alifariki Ijumaa asubuhi. Akazikwa baada ya swala, pembeni ya mama mkwe wake. Watu wakaja, wakasoma dua, wakala walichopata, wakatawanyika.

Jioni Rukaiya alikuta pepeta iliyosalia ingali kwenye ungo, imekauka kabisa. Aliinyanyua akitaka kuwamwagia kuku, akasita. Muhidini alikuwa ameketi mkekani, kofia yake iko magotini. Alinyoosha mkono, akachota konzi moja. Rukaiya akaketi kando yake, naye akachota.

Pepeta kavu haitafuniki upesi. Wakatafuna, wakitazama mlango wa chumba cha mama uliokuwa wazi, kila mmoja akisikia taya za mwenzake.