Mechi ya Nane

Ukuta wa ofisi ya klabu ya Nyundo haukumfichia mtu aibu. Fundi Brashi ndiye aliyeuandika tangu mwanzo. Kila msimu ulipoisha aliongeza mstari mmoja wa rangi nyeusi ya mafuta: mechi, kushinda, sare, kushindwa, nafasi. Msimu wa kwanza, wa pili kutoka mkiani. Msimu wa tano, mabingwa, ndipo mji mzima ukajidai shabiki wa kuzaliwa. Msimu wa tisa, sare juu ya sare, hadi watu wakawa wanaondoka kabla ya mapumziko wakafue nguo zao. Msimu wa kumi na mbili, wakashuka daraja. Mwenyekiti alimjia Fundi na maneno ya asali, eti apandishe nafasi kidogo tu, wageni wasicheke. Fundi akachovya brashi, akaandika ile ile.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alimwambia. Mwenyekiti akanuna mwezi mzima.

Chini kabisa palibaki pengo la mstari mmoja, na pengo hilo ndilo lililoivunja nyumba ya Fundi.

Msimu wa mwisho, kipa wa Nyundo alikuwa mtoto wake wa pekee. Walimwita Sumaku, kwa jinsi mpira ulivyonasa mikononi mwake. Katika mechi ya nane aliruka kuokoa, akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli, akafa pale pale, mama yake akiwa jukwaani. Udongo wa kaburi haujakauka, mfadhili akajitoa, klabu nayo ikafa. Na ligi ina kanuni zake, kavu kama mfupa: timu ikijitoa katikati ya msimu, matokeo yake yote yanafutwa. Mechi zake huhesabiwa hazikuchezwa.

"Kama mechi haikuchezwa," mkewe aliuliza, "mwanangu amefia wapi?"

Fundi akajibu kwamba ligi imefuta, naye haandiki kisichokuwepo. Lilikuwa jibu la kipumbavu, na alijua hivyo lingali mdomoni. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliona akishaandika mstari ule, kijana atakuwa amekufa kweli. Tangu siku hiyo mkewe alimpikia na kumfulia, ila hakumpa hata neno moja.

Sasa jengo limenunuliwa na mfanyabiashara wa magodoro. Alitaka kuta ziwe nyeupe kabla mzigo wake haujaingia, na mtaa ule ulikuwa na fundi rangi mmoja tu. Asubuhi Fundi alipobeba ngazi na ndoo, alimkuta mkewe mlangoni, kitambaa kichwani, mikono ya gauni imekunjwa.

"Twende," mkewe akasema.

Ofisini, mama huyo alikwenda moja kwa moja kwenye lile pengo. "Kabla hujafuta, andika."

"Mke wangu, ukuta wote unapakwa leo leo. Nani atasoma?"

"Mimi."

Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Akafungua kopo la rangi nyeusi, akapiga magoti. Mechi, nane. Kushinda, mbili. Sare, tatu. Kushindwa, mbili. Mkewe akahesabu kwa vidole.

"Hizo ni saba. Ya nane iko wapi?"

"Ilivunjika, haikuisha. Ilikuwa bila kwa bila." Fundi akaishusha brashi. "Nitaiweka wapi? Ule mpira aliudaka. Waliponyanyua mwili alikuwa bado ameukumbatia."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi hakufungwa!"

"Yeye hakufungwa," mkewe akasema. "Sisi ndio tuliofungwa, baba. Andika tumeshindwa. Si wewe uliyekuwa ukiwaambia wenzako asiyekubali kushindwa si mshindani?"

Fundi aliuangalia ukuta wake, ule aliojivunia kwamba hausemi uongo. Kisha akachukua kitambaa, akaifuta ile mbili ya kushindwa, akaandika tatu. Alipomaliza aliweka paji la uso ukutani akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu mazishi. Mkewe akamshika bega, asimwambie anyamaze.

Baadaye walianza kazi. Fundi juu ya ngazi, mkewe chini na brashi ya pili, wakaanzia msimu wa kwanza. Ubingwa ukaenda, zile sare zikaenda, na kushuka daraja pia.

Mchana mwenye magodoro akachungulia. "Mzee, kazi safi. Mbona hapo chini mmeruka?"

Fundi akaangalia chini, kwenye ule mstari.

"Hapo bado pabichi," mkewe akajibu. "Pakikauka tutapaka."

Mwenye magodoro akaenda zake. Wale wawili wakaketi sakafuni mbele ya ule mstari, brashi zimelazwa juu ya ndoo, wakangoja ukauke.