Kila Mtu na Geti Lake

Lori lilikuwa limekwisha kuondoka, pamba imepanda mpaka juu ya bodi, na Kwandu Maduhu amekaa juu ya weupe ule kama bwana arusi aliyesahauliwa kitandani, shemeji yake alipotokeza kwenye vumbi akikimbia, kibuyu mkononi.

"Shemeji! Umeacha maziwa yako!"

Dereva alipunguza mwendo lakini hakusimama. Siku hizi malori ya wanunuzi binafsi hayasimami ovyo. Nyuma yako yuko mwenzako anayewahi kiwanda kilekile. Kwandu akalala kifudifudi juu ya pamba, akanyoosha mkono, akakinasa kibuyu kwa kamba yake. Benedikta hakuacha kukimbia. Mkono mmoja umeshika kanga kiunoni, mwingine umeshika ubao wa lori kana kwamba anaweza kulizuia.

"Usirudi bila seng'enge!"

"Nimesikia."

"Na huyo ng'ombe wa maziwa haya, utanionyesha lini? Watoto wanamnywa kila siku, hawajui hata rangi yake!"

"Ng'ombe haulizwi alikolala, shemeji!"

Alitaka liwe jibu la utani. Lilimtoka kavu kama mhogo wa mwaka jana. Vumbi likammeza Benedikta, na Kwandu akabaki amekikumbatia kibuyu, moyo unakwenda mbele na nyuma, wala lori halijafika hata kwenye daraja la kwanza.

Alikuwa diwani wa Mwalukanga, kata ya mpakani. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa njia. Alisoma mwaka mmoja kwa mapadre, nusu mwaka kwa Waadventista, na yaliyobaki aliyasoma kwenye magunia na mabango. Aliswaga ng'ombe wa watu mpaka Usangu, akakata mkonge Tanga, akarudi, akaondoka tena. Watu walimchagua kwa kusema kwamba miguu yake imeona mengi. Hawakujua kwamba miguu iliyoona mengi haitulii chini ya meza.

Safari hii alibeba ahadi. Kiangazi kilichopita wezi walilikomba boma la mdogo wake, Anatoli, mume wa Benedikta, mchana kweupe, hawakuacha hata ndama. Anatoli na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakafuata nyayo hadi kivukoni, pale mto unapogeuka mchanga mtupu. Ng'ambo ya mchanga ni wilaya nyingine, upande wa Lingeka. Mshale ukatoka kwenye vichaka. Wenzake walikimbia kuita msaada, na waliporudi wakamkuta Anatoli amevutwa kivulini, uso umefunikwa majani mabichi kwa heshima. Nani aliyemfunika? Hakuna aliyeuliza. Waliuliza jingine.

"Mbona wezi wamemruka Kwandu?" sauti moja ilisema kwenye msiba, si kwa nguvu, lakini msiba una masikio mengi.

Ndipo Kwandu aliposimama kaburini akaapa kuleta waya wa serikali kutoka mlimani hadi bondeni, na walinzi wenye bunduki, hata jani la ng'ambo lisivuke. Aliapa kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji.

Wezi walimruka kwa sababu zizi lake lilikuwa tupu. Mtu mwenye akili hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja, asije akaamka maskini kwa usiku mmoja. Huwawekesha kwa rafiki wa mbali, rafiki akanywa maziwa, mwenye mali akahesabu ndama moyoni. Na jambo hilo halitajwi. Halitajwi kwa mtoza kodi wala kwa mkwe, na mke naye huambiwa nusu. Kumwuliza mtu ng'ombe wake wako wapi ni sawa na kumwuliza atakufa lini. Wa Kwandu walikuwa kwa Luhende, ng'ambo ya kivuko kilekile, upande ule ambao Mwalukanga nzima sasa iliuita upande wa wezi. Kila alfajiri Luhende aliteremka na kibuyu hadi katikati ya mchanga, na Kwandu akakipokea akisingizia kukagua mitego ya kanga. Watoto wa marehemu walikuwa wakikua kwa maziwa ya ng'ambo.

Huo ndio mzigo aliokuwa nao juu ya pamba. Akirudi bila waya, amemsaliti aliyelala. Akirudi nao, amewakata maziwa walio hai.

*

Kikao kilikuwa Bariadi mjini, katika ukumbi wa kukodi wenye feni isiyozunguka. Halmashauri ni ya kwao, jina lake tuliache likae. Mtaalamu alichora mpaka kwenye ubao mweusi, mstari mmoja mnene wa chaki, akaeleza: nusu ya fedha itatoka serikalini, nusu itatoka kwenye ushuru wa pamba, yaani fungu lililokuwa la paa la zahanati na visima. Kutakuwa na seng'enge, vibanda vya walinzi, na mageti mawili, moja kila mwisho.

Mwenyekiti, Januarius, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, akafungua mjadala.

Mzee Josia ndiye aliyeanza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja mia kwa mia. Mpaka bila uzio ni mlango bila ubao. Ila nina angalizo dogo." Akakohoa. "Wakwe zangu wako ng'ambo. Mkwe haendewi kwa kuruka waya. Utachana suruali mbele ya mama mkwe, na hapo itabidi uhame wilaya. Naomba geti moja, mkabala na kwangu."

Ukumbi ulicheka. Mtaalamu akalowesha kidole, akafuta kipande cha mstari.

Akafuata diwani aliyetaka geti la kuni. Mwingine akataka geti la wanakwaya, maana Pasaka huimbiana na wa ng'ambo. Apolonia wa viti maalumu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama akiwa mkali.

"Fungu la zahanati linageuka waya. Sawa. Mwanamke wa kwetu akishikwa na uchungu, mkunga wa karibu yuko ng'ambo. Je, azalie kwenye miiba ya chuma, mtoto tumwite Seng'enge? Naunga mkono hoja. Lakini naomba geti la wajawazito."

"Pana kiasi gani, mheshimiwa?" mtu akauliza nyuma.

"Pana kama mdomo wako!"

Vicheko vikaliegemea bati. Kidole kikafuta tena. Mwisho Mwenyekiti mwenyewe akasafisha koo, akasema Kiti nacho, kwa unyenyekevu, kinaona haja ya geti pale mbuga inapoanza, kwa ajili ya upepo wa maendeleo.

Kwandu aliutazama ubao. Alikuwa ameswaga ng'ombe miaka mingi. Anajua njia ya ng'ombe hata ikichorwa kwa chaki. Kila pengo lilikuwa njia. Kila mkwe, kila kuni na kila kwaya ilikuwa na kwato. Ukumbi mzima ulikuwa na ng'ombe ng'ambo, na ukumbi mzima ulikuwa unaunga mkono waya, kwa kuwa kuukataa ni kusema kwa nini. Mstari ulikuwa umebaki kama meno ya bibi kizee. Mahali pamoja tu chaki ilikuwa nzima, nene, bila doa: kivukoni Mwalukanga.

Kwenye chai Apolonia alimfuata dirishani na andazi lake.

"Kata yako ndiyo yenye kaburi, na ndiyo pekee haijaomba geti. Hongera."

"Hongera ya nini, mayu?" akasema, kama anayemwita mama yake.

"Ya kuwa mwanamume asiye na kitu ng'ambo." Akamtazama juu ya miwani. "Au unacho?"

"Wewe je?"

"Mimi nina wajawazito."

"Wana pembe?"

Apolonia alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. Kisha akasogea, sauti imeshuka. "Nyamaza, Kwandu. Sema ni geti la shule. Hakuna atakayekuuliza. Sote tumesema uongo mzuri leo, na uongo mzuri haumuumizi mtu."

Kwandu aliligeuza neno hilo. Kwa wengine, labda haukuumiza. Lakini geti la shule, pale damu ya Anatoli iliponywewa na mchanga? Na Luhende je? Luhende aliyevuta maiti kivulini akakata majani, akarudi kwake kabla hajaonekana, angeendelea kuitwa mwizi kila watu wanapokaa, na yeye Kwandu angeendelea kuitikia kwa kichwa. Miguu ilianza kumwasha. Mlango ulikuwa wazi. Barabara ya Lalago ilikuwa pale nje, nyeupe, inaita kama zamani. Maisha yake yote jambo likimkaba aliondoka. Alipiga hatua mbili kuelekea nje, akaona kibuyu chake kimening'inia kwenye kiti, akarudi kukichukua, na kwa kuwa alikwisha kufika kwenye kiti, akakaa.

Walipoketi tena alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba geti kivukoni Mwalukanga."

"La nini, mheshimiwa?" Januarius aliuliza huku akimwashiria mtaalamu alowese kidole.

"La ng'ombe zangu."

Kidole kikasimama hewani.

"Ng'ombe zangu wako ng'ambo. Anao Luhende, kivukoni, tangu kabla ya msiba. Si mwizi. Ndiye aliyemfunika ndugu yangu uso. Kila alfajiri ananiletea maziwa, na maziwa hayo wanakunywa watoto wa marehemu. Mkifunga pale, mmefunga mdomo wa watoto. Basi."

Mzee Josia aliinamia viatu vyake. Apolonia alivua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa kitenge, akafuta, akafuta. Walimwona Kwandu kama mtu aliyevua nguo sokoni, na vibaya zaidi, kila mmoja alijishika kiunoni kuhakikisha zake bado ziko.

Mwanasheria aliinuka, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni ilikuwa wazi. Diwani mwenye maslahi binafsi katika hoja hana budi kuyatamka, na akiyatamka, hana budi kutoka.

"Mheshimiwa Kwandu," Januarius alisema, bila kumtazama, "Kiti kinakushukuru kwa ukweli wako. Tupishe nje."

Alisimama chini ya dirisha akawasikia wenzake.

"Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyooo!"

Ukumbi ulitikisika kama zizi la kiangazi.

*

Habari ilimtangulia. Alipofika Mwalukanga kesho yake, kwa miguu tangu barabara kuu, watu walimwamkia "mwadila" na kuangalia pembeni. Benedikta alikuwa amekaa njia panda, kikapu cha pamba mapajani, anachambua.

"Umekuja na seng'enge?"

"Imepita. Kivukoni hakuna geti."

Alichambua kidogo. "Luhende hajambo?"

Kwandu alisimama kama aliyekanyaga mwiba. "Ulijua?"

"Nusa." Alikipokea kibuyu, akakizibua, akampelekea puani. "Kimefukizwa kwa mti usioota upande wetu. Nimekijua tangu siku ya kwanza."

"Na ukanituma waya."

"Nilikutuma uchague. Wewe ulikuwa unalia kwa jicho moja, jingine linatazama ng'ambo." Akarudi kwenye pamba. Akauliza, sauti imekwaruza, "Anatoli hukumwambia naye awaweke huko?"

"Nilimwambia. Akasema ng'ombe asiyeonekana hana heshima."

Benedikta alicheka, kidogo, kicheko kilichofanana na mumewe. Kisha akajifuta uso kwa kiganja chenye nyuzi za pamba, nyuzi zikamganda shavuni.

"Haya. Ana rangi gani?"

"Mwekundu," Kwandu akasema. "Ana baka jeupe begani."

*

Seng'enge ililetwa baada ya msimu wa pamba. Mkandarasi alianzia kivukoni, kwa kuwa hapo pekee mchoro haukuwa na mageti ya kumsumbua, na fedha zikaishia hapohapo. Kabla hajakaza waya wa mwisho, Luhende aliwavusha ng'ombe wa Kwandu mchana, kijiji kizima kinatazama, akageuka akarudi kwake. Kwandu alimpa Benedikta nusu, akiwamo yule mwekundu.

Mzee Josia alikufa akiwa na geti lililoandikwa na ambalo halikujengwa. Januarius aliacha udiwani, akanunua mizani, akawa mnunuzi wa pamba. Watu wa Kasoli, anakonunua, wanasema mizani yake ni nzito kuamka. Apolonia alihudumu vipindi viwili. Zahanati iliezekwa na wamisionari.

Luhende alihama na mifugo yake kwenda Rukwa, akazikwa huko. Kwandu hakugombea tena. Alikaa misimu miwili, muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa popote, kisha akaaga na kuondoka na ng'ombe wake waliobaki. Mtu mmoja alimwona Usangu. Mwingine anasema si yeye. Watoto wa Anatoli wamekua. Mmoja ni mwalimu, mwingine anachunga.

Nguzo za uzio zilikuwa za minyaa mibichi, zikachipua. Waya bado uko kivukoni, kipande kifupi kati ya miti miwili. Ng'ombe wa Benedikta hufika hapo asubuhi, hugeuka kushoto, huuzunguka, hunywa kwenye visima vya mchanga, na jioni hurudi kwa njia hiyohiyo.