Petroli ya Marehemu

Injini ikizimwa huzima. Hilo Eladio Quintana alilijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake, na kwa miaka hamsini na ushei ya kushika spana mjini Cárdenas hakuna chuma kilichomwonyesha vinginevyo. Sasa alikuwa amesimama uani kwake saa kumi alasiri, jua likimchoma utosini, ufunguo wa swichi umo mfukoni mwake, na Bikizee, pikipiki yake, bado ananguruma.

Alihesabu mishindo. Kumi na tisa. Wiki iliyopita ilikuwa kumi na miwili. Kisha, kabla ya kunyamaza, Bikizee akapiga resi mbili fupi fupi, na hapakuwa na mkono wa mtu kwenye mpini.

Eladio akajikuta ameketi juu ya ndoo. Resi mbili zile alizifahamu, na mtaa mzima ulizifahamu. Kwa miaka thelathini na mmoja Nivaldo Echarte kila alipofika pembeni mwa mtaa wake alizipiga, ya kwanza kumwambia mkewe aweke kahawa motoni, ya pili kumwambia kwamba na njaa pia anayo. Na Nivaldo yuko kaburini tangu Novemba.

Bikizee ni pikipiki kubwa ya Kimarekani ya mwaka 1946, ingawa Umarekani wenyewe ulikuwa umebaki kwenye fremu, kwenye kasha la injini na kwenye majivuno. Pistoni zilikuwa za gari la Kirusi, zikachongwa kwa tupa mpaka zikakubali. Mnyororo ulitoka kwenye mashine ya kiwanda cha sukari, taa ilikuwa ya trekta. Nivaldo ndiye aliyemgundua chini ya banda la kuku shambani kwa mtu, amejaa kinyesi na kutu. Eladio ndiye aliyempa pumzi. Miaka miwili walimjenga pamoja, na siku alipowaka kwa mara ya kwanza wanaume wawili wazima walikumbatiana wakalia mbele ya kuku.

Lakini aliyegundua ndiye mwenyewe, ndivyo haki ilivyo. Nivaldo akapanda Bikizee, Eladio akaendelea na kijipikipiki chake cha Kicheki kilicholia kama mbu. Tangu ana miaka saba, alipomwona askari wa barabarani akipita juu ya pikipiki ya aina ile na vioo vya madirisha vikitetemeka, hakuwahi kutamani kitu kingine kwa kiasi kile, si nyumba wala mwanamke. Aliitengeneza pikipiki ya rafiki yake kila Jumamosi, akaifuta, akairudisha kwa mwenyewe, akaenda zake nyumbani.

Sasa, wapanda pikipiki za kale wa mji ule wana desturi yao. Mwenzao akifa, pikipiki yake huletwa makaburini pamoja naye. Kila mmoja huja na kikombe cha kahawa, huchota petroli kutoka tangi lake mwenyewe na kummiminia marehemu kikombe kimoja. Mahali ambapo petroli hutafutwa kama dawa, kikombe hicho kinauma. Injini huwashwa mbele ya kaburi, ikaachwa. Haiguswi na mtu. Itasema mpaka mafuta yaishe yenyewe, na ikinyamaza watu husema, "Amefika." Hapo ndipo huvaa kofia zao na kwenda kula. Injini ya kupozwa na upepo ikisimama mahali pamoja hupata joto baya, na ziko zilizonoki, pistoni zikakwama, pale pale. Ikinoki, basi. Safari si ya injini.

Nivaldo, siku zake za mwisho, alikuwa amemwambia Eladio mbele ya mkewe Zoraida: "Bikizee ni wako, ndugu yangu, mimi nikishafika."

Siku ya mazishi vilimiminwa vikombe ishirini na viwili. Bikizee aliwaka kwa kiki ya pili, watu wakainamisha vichwa, sala ikaanza. Baada ya dakika ishirini hivi, Eladio akasikia alichosikia yeye peke yake: pistoni ya nyuma imeanza kugonga. Dakika tano nyingine na injini ile ingekufa, na pistoni kama ile haina mwenzake kisiwa kizima. Mkono wake wa kulia ukaenda. Akaizungusha swichi, akaurudisha mkono kifuani, akainama kama wengine.

Rigo Bonet, mpiga soga wa kundi lile, akavua kofia, akasema, "Amefika." Wote wakaitikia. Eladio naye akaitikia. Kisha akampanda Bikizee akarudi naye nyumbani, na hakutia hata tone lake mwenyewe njiani. Alikwenda na petroli ya marehemu.

Mwanzoni alijiambia kwamba ni mkono wa fundi tu, umezoea kuokoa. Njia ya mwongo ni fupi, hata akijidanganya mwenyewe. Januari Bikizee alianza kukataa kuzima.

Alimweleza Rigo, alipopita kuomba kipande cha waya.

"Masizi hayo, mzee mwenzangu," Rigo akasema. "Injini ikijaa masizi inawaka bila plagi. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Nimeifungua mara tatu. Silinda zinang'aa utadhani sahani za sikukuu."

"Basi uzee. Hata mimi mke wangu akiniambia ninyamaze, huwa naendelea kidogo."

"Na resi mbili, Rigo?"

Rigo akaacha kucheka. Akaitafuta kofia yake, kumbe anayo kichwani. "Resi gani?" akauliza, akatoka bila kungoja jibu na bila waya.

Zoraida alimwita mwezi Juni. Alituma neno: shemeji aje, na aje kwa miguu. Eladio alikuwa amemkwepa miezi saba, akivuka barabara kila alipoona mwavuli wake wa bluu. Safari hii hakuwa na pa kuvukia. Akaoga, akavaa shati la kola, akaenda.

Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilijaa mpaka ukingoni, na kahawa yake ilikuwa imepoa zamani ikafanya utando.

"Umenikimbia, shemeji."

"Kazi, Zoraida. Si unajua kazi."

"Kazi gani, na wewe umestaafu? Keti." Eladio akavuta kiti cha karibu na mlango. "Si hicho, hicho cha Nivaldo," Zoraida akasema upesi. Eladio akakiachia, akaenda kukalia kingine.

"Nikuulize. Unampitisha Bikizee hapa kila siku saa kumi?"

"Mimi? Sijamtoa uani tangu Januari. Nawasha tu nimsikilize. Kumpanda naogopa."

"Najua humtoi. Nilikwenda pembeni nikasimama nikatazama. Barabara tupu, mbwa amelala katikati. Lakini namsikia anakuja. Anapiga zake mbili, mimi naweka kahawa motoni. Sijui kufanya vingine, mkono umezoea. Namimina. Nangoja mlango." Akakigusa kile kikombe kilichojaa. "Haingii."

"Zoraida, siku ile makaburini, mimi..."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Kichwa nilikiinamisha, macho sikuyafumba. Niliuona mkono wako ukienda na nikauona ukirudi."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nilifurahi." Alisema hivyo bila kuinua sauti. "Wewe uliitaka injini, mimi nilimtaka mume wangu. Tukamzuia sote wawili, huku watu wanasema amefika. Nilidhani akibaki, atabaki na mimi. Kumbe amebaki mlangoni. Miezi saba, shemeji, amesimama kwenye jua nje ya nyumba yake mwenyewe. Siku hizi hata zile resi anazipiga kama mtu aliyechoka."

"Nikimwacha Bikizee amalize, atanoki. Hatapona."

"Najua."

"Tangu nina miaka saba sijataka kitu kingine duniani."

"Na hilo najua. Nivaldo pia alijua, ndiyo maana alikuachia. Ila alisema akishafika. Amefika?"

Eladio alitazama mikono yake. Jibu alikuwa nalo, tena alikuwa nalo miezi saba.

Jumapili asubuhi alimsukuma Bikizee mtaani kwa miguu, maana aliapa hatampanda tena kwa mafuta yasiyo yake. Chuma kile kizito kilimtoa jasho mpaka kwenye soksi. Mwenye gari la farasi akapunguza mwendo kando yake.

"Mzee Eladio, Bikizee kagoma leo? Nikuazime farasi?"

"Mwazime mama yako," Eladio akasema, akaendelea kusukuma.

Makaburini wenzake walikuwa wameshafika, maana alikuwa amewaita bila kuwaambia sababu. Akawaambia sasa, mbele ya kaburi, kwa maneno machache: siku ile injini aliizima yeye.

"Kwa hiyo tulisema amefika juu ya uongo?" Rigo akauliza.

"Ndiyo."

"Na ukaenda nyumbani na vikombe vyetu tumboni mwa tangi."

"Ndiyo, Rigo."

Mmoja akatema mate chini. Hakuna aliyemtukana, na ingekuwa afadhali wangemtukana. Eladio akamimina chupa nzima aliyokuwa amekuja nayo, petroli yake yote ya mwezi ule. Kisha Rigo akauingiza mkono mfukoni, akatoa kikombe chake cha kahawa, akaenda kwenye tangi la pikipiki yake kuchota. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Bikizee aliwaka kwa kiki ya kwanza. Eladio akarudi nyuma, akasimama kando ya Zoraida, akanyoosha mikono yake yote miwili.

"Nishike," akasema. "Usiniachie hata nikikuomba."

Zoraida akaishika. Dakika ishirini zikapita, ishirini na tano. Pistoni ya nyuma ikaanza kugonga, kwanza kwa mbali, kisha kila mtu akasikia. Eladio alilia wazi wazi, kama alivyolia siku ile mbele ya kuku, tofauti ni kwamba sasa hapakuwa na wa kumkumbatia. Mkono wa kulia ukaruka wenyewe. Zoraida akaubana kwa kucha mpaka damu ikachungulia.

"Niachie, Zoraida. Dakika moja tu ipoe."

"Sikuachii."

Moshi ukawa mweusi. Harufu ya oili iliyoungua ikawafikia. Hapo Bikizee, peke yake, hatua sita kutoka kwa mtu wa karibu zaidi, akapiga resi mbili. Hazikuwa za kuchoka. Rigo akafanya ishara ya msalaba. Kisha ndani ya injini kikasagika kitu, kikakwama, na pikipiki ikatikisika mara moja ikatulia. Walingoja. Hapakuwa na mshindo wa ziada, hata mmoja.

Wote wakamgeukia Zoraida. Yeye alikuwa anatazama kaburi.

"Amefika," akasema, na ndipo akaiachia mikono ya Eladio.

Jumatatu, saa kumi alasiri, Eladio alikuwa uani amekalia ndoo yake mbele ya chuma kilichokufa. Alisikiliza. Kwato za farasi zilipita, mtu akauza vitunguu, jirani akakohoa. Hakujua kwamba mtu anaweza kuitamani hofu yake irudi kiasi kile. Alipoona hawezi kuvumilia, akavaa shati, akaenda kwa Zoraida.

Mezani palikuwa na kikombe kimoja tu.

"Umesikia kitu?" akamuuliza.

"Hapana. Na wewe?"

"Hapana."

Zoraida akainuka akamtolea kikombe cha pili, akammiminia, kisha akaonyesha kwa kidevu kile kiti cha karibu na mlango.

"Kalia hicho tu, shemeji. Sasa kitupu."

Eladio alikitazama kiti kwa muda mrefu, kisha akanywa kahawa yake akiwa amesimama.