TV ya Kichogo

Shabaha alifyatua mara ya tatu, na yule askari wa nyuma ya makasha hakufa. Alisimama katikati ya kioo kipana cha TV kilichotundikwa ukutani, akalenga taratibu kama mtu asiye na haraka, akampiga yeye.

"Labda betri, Mama," alisema binti yake. Bisibisi aliyofungia TV bado ilikuwa mkononi, na uso ulimng'aa kwa zawadi aliyoileta.

"Bunduki hii haina betri. TV yangu iko wapi?"

"Si hii hapa, flati."

"Usinifanye mtoto. Ile yangu nene ya kichogo iko wapi?"

Ameichukua mtu wa vyuma chakavu, binti akasema, asubuhi hii Mama alipokuwa sokoni. Alimsaidia mwenyewe kuipandisha kwenye mkokoteni, maana ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Na sasa si anaona sebule ilivyopata nafasi?

Shabaha hakuona nafasi yoyote. Hasira zilimpanda hadi masikio yakaziba. Miaka kumi na tisa alikuwa ameutunza mchezo ule wa *Ghala la Saba*, tangu kampuni iliyoutengeneza ilipofunga milango na kuwaacha wachezaji wake solemba. Diski aliinakili mara nne. Kifyatulio cha bunduki ya plastiki kilipolegea, alikitia springi ya kalamu. Kila Jumamosi alasiri wenzake watatu, wote wenye mvi siku hizi, walikuja kucheza kwake, kwa sababu bunduki zao zilishageuka mapambo ya kabatini. Mdomoni mwa bunduki ile mna jicho dogo linalosoma mwale unaochora picha kwenye kioo cha TV ya zamani. Flati haina mwale huo. Mbele ya flati, bunduki ni kipofu mtupu.

"Umeniulia mchezo," alisema.

"Mama, ni mchezo tu. Nitakununulia mwingine."

"Kwa nani? Walioutengeneza wameutupa kama ganda la ndizi, hata jina lake hawalikumbuki. Ukifa kwangu umekufa. Vaa viatu, unanipeleka huko."

Walimkuta mtu wa vyuma amechuchumaa uani kwake, nyundo mkononi. TV ya Shabaha ililala kifudifudi. Shingo ya bomba la kioo ilikuwa imevunjwa, na koili ya shaba iliyoizunguka ilishaingia kwenye gunia.

"Nani amekupa ruhusa ya kuivunja?" Shabaha alimsimamia kichwani. "Umeniuliza mimi? Ilikuwa inafanya kazi, wewe. Inafanya kazi kuliko wewe."

"Mama, mimi nimepewa." Yule mtu alimtazama binti, naye binti akatazama viatu vyake. "Na hizi zote zinakuja zikiwa zimekufa. Mafundi wenyewe ndio wanaziandika. Tazama pale."

Kando ya ukuta zilipangwa TV za kichogo kumi na moja, migongo imegeuzwa nje. Saba kati yake ziliandikwa kwa rangi nyeupe: IMEKUFA. Shabaha aliufahamu mwandiko ule kabla hajaufikia. Ulikuwa wake.

Alikuwa fundi wa TV mtaa mzima ukimtegemea, hadi mume wake alipofungua duka la flati ng'ambo ya barabara. "Ukiwatengenezea hawatavuka," mumewe alimwambia huku akicheka, naye akacheka pia. Basi akawa anaandika. Nyingine hata kifuniko hakukifungua.

Alikiona kibandiko chenye picha ya ua kando ya swichi ya ile ya mwisho, akamkumbuka mwenye TV hiyo, mwalimu mstaafu wa nyumba ya kona. "Fundi, nikiipiga kofi inarudi," yule bibi alimwambia. "Itazame tena, tafadhali." Kwa sentensi hiyo moja Shabaha alijua ugonjwa wote: solda inayoshika waya imepasuka, kazi ya dakika kumi. Akachovya brashi akaandika mbele yake. Mwalimu alimshukuru kwa kumwambia ukweli.

Alitaka mtu wa kumgombeza. Alimtazama binti yake, akamtazama mtu wa vyuma, kisha akautazama tena mwandiko wake. Alijichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia akiwa amesimama.

"Naichukua hii," alisema.

"Hiyo imekufa, mama."

"Nyamaza. Tupakie."

Nyumbani binti alimshikia tochi. Shabaha alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, na mpasuko ukajionyesha wenyewe, duara jembamba kama unywele. Akaiyeyusha solda, ikashika tena. Alipouchomeka mchezo akawasha, kioo kilivuma, vinyweleo vya mkono vikamsimama, na ghala likatokea na makasha yake yote.

"Ilikuwa na ugonjwa gani?" binti aliuliza.

"Haikuwa imekufa."

"Sasa mbona uliandika—"

"Niliandika." Aliinua bunduki, kisha akaishusha. "Mwalimu bado anakaa pale kona?"

"Anakaa. Juzi nilimpelekea maji, miguu imemkataa."

"Ana TV?"

Binti alifikiri. "Sikuiona, Mama. Kiti chake kimeelekea ukuta. Ukutani pana ile meza ndogo tu, imefunikwa kitambaa."

Mlango ukabishwa. Sauti za wenzake watatu zilisikika nje, mmoja akimtania mwingine kwamba leo atamwaga damu ya plastiki. Binti alisimama akafungue. "Ngoja," Shabaha alisema. "Ngoja kidogo."

Askari wa nyuma ya makasha alichomoza, akalenga. Bunduki ililala mapajani mwa Shabaha. Risasi ikampata, kioo kikawa chekundu, na kiganja chake kikabaki juu ya kichogo cha TV ya mwalimu, ambacho kilikuwa kinaanza kupata joto.